Ndege ndani ya kikapu cha kushona



Siku ya nne iliyopita, tulipokwisha kuhesabu feza za likelemba, binti ya mmoja wetu anayesoma Kiingereza chuoni alitusomea hadithi fupi, akitafsiri kipande kwa kipande. Tulifikiri itachukua nusu saa. Tulitoka jua limekwisha kuzama, sombe haijatwangwa, na mama wawili wakaendelea kubishana hata njiani. Ndiyo maana juma hili ukurasa huu, ambao kwa kawaida ni wa mapishi, tumeupa hadithi hiyo. Lakini hatutatoka jikoni, kama mtakavyoona.

Hadithi inaitwa "A Jury of Her Peers", ni kusema waamuzi walio wenzake. Aliyeiandika ni Susan Glaspell, mwanamke wa Marekani, mzaliwa wa Davenport katika jimbo la Iowa, mwaka 1876. Ilitoka gazetini mwezi wa tatu 1917. Mwaka mmoja mbele yake, 1916, alikuwa ameitoa kama mchezo mfupi wa kuigiza, jina lake "Trifles", yaani mambo madogo yasiyo na maana, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waigizaji. Shikeni jina hilo la mambo madogo, tutalirudia.

Tuwasimulie kwanza, maana wengine hawakuwako.

Ni asubuhi ya baridi kali. Mama Martha Hale yuko jikoni mwake anatayarisha mkate. Nusu ya unga amekwisha kuchekecha, nusu bado. Wanamwita nje: bwana yake, mkubwa wa polisi ambaye kule wanamwita sherifu, na mwendesha mashtaka kijana, Bwana Henderson, wako tayari na gari la farasi. Bibi ya sherifu, Mama Peters, yuko nao pia. Amesema anaona woga, anataka mwanamke mwenziwe. Basi Martha anaacha unga hivyohivyo, jambo ambalo linamuuma, anapanda garini.

Wanakwenda katika nyumba ya jirani, John Wright. Nyumba iko bondeni, barabara haionekani. Jana yake bwana ya Martha alipita hapo kumuuliza Wright kama angekubali kushirikiana na majirani katika waya mmoja wa simu. Wright alikuwa amekwisha kukataa mara moja, akisema watu wanasema mno, yeye anataka kimya tu. Safari hii Bwana Hale alimkuta bibi yake, Minnie, kwenye kiti cha kubembea, anakunjakunja aproni yake kwa vidole. Akamwuliza, Bwana John yuko? Yuko. Naweza kumwona? Hapana. Kwa nini? Sababu amekufa. Amekufa kwa nini? Kwa kamba shingoni. Yule mama alisema alikuwa amelala kitandani pembeni yake na hakusikia kitu, maana analala usingizi mzito.

Sasa Minnie yuko kifungoni, na wanaume hao watatu wamekuja kutafuta ushuhuda. Hasa wanataka sababu: kwa nini mwanamke amwue bwana yake, na kwa nini kwa kamba, wakati bunduki ilikuwamo nyumbani? Mama Peters amekuja kumchukulia mfungwa nguo zake.

Wanaume wanatupa macho jikoni. Sherifu anasema hapa hakuna kitu, ni vyombo vya jikoni tu. Mwendesha mashtaka anagusa kabati, mkono unanata: chupa za matunda ambazo Minnie alitengeneza wakati wa joto zimepasuka kwa baridi, maana moto ulizimika. Mama Peters anasema Minnie alikuwa na wasiwasi juu ya jambo hilo kule gerezani. Sherifu anacheka: mtu ameshtakiwa kuua, naye anahangaikia matunda yake! Bwana Hale naye anaongeza kwamba wanawake wamezoea kuhangaikia mambo madogo. Kijana Henderson anaona taulo chafu, anasema huyu hakuwa mtunza nyumba mwema. Kisha wote watatu wanapanda juu chumbani, halafu wanatoka kwenda zizini, kutafuta mambo makubwa.

Wanawake wawili wanabaki na mambo madogo.

Hapo ndipo hadithi inapoanza kweli, na hapo ndipo sisi tuliosikiliza tuliacha kuchambua mboga. Mama Hale anaona ndoo ya sukari iko wazi, na mfuko karibu yake umebaki nusu. Meza imepanguswa nusu, nusu ina uchafu. Yeye aliyeacha unga wake mwenyewe asubuhi hiyo anajua maana yake: hakuna mama anayeacha kazi katikati bila kitu kumkatiza. Anaona jiko lililovunjika ndani, anafikiri mtu apike kwa jiko hilo mwaka kwa mwaka. Anaona sketi nyeusi iliyoshonwa na kushonwa tena. Sherifu angeweza kukaa mwezi mzima katika jiko hilo asione hata kimoja, na si kwamba ni mjinga. Hakufunzwa kuyasoma, na aliyemzoeza kuyadharau ni dunia yote.

Halafu kikapu cha kushona. Minnie alikuwa anaunganisha vipande vya vitambaa kuwa blanketi. Mishono yote ni mizuri, sawasawa, mpaka kipande kimoja ambacho uzi unakwenda hovyo, kama mtu asiyejua alichoshika. Wale wawili wanatazamana. Mama Hale anavuta uzi ule, anaufumua, anachukua sindano na kuanza kuushona upya vizuri. Mama Peters anamwambia kwa woga kwamba haifai kugusa vitu. Martha anaendelea kushona.

Fundi wa kushona aliye kati yetu alisema hapo: "Amekwisha kuharibu ushuhuda, na anajua." Sisi wengine tulikuwa hatujaona. Tulidhani anasafisha tu, kwa mazoea.

Wanakuta tundu la ndege, mlango wake umevunjwa, bawaba moja imeng'olewa kwa nguvu. Lakini ndege hayumo. Wanapotafuta mkasi na uzi ili wampelekee Minnie kazi yake gerezani, wanakuta ndani ya kikapu kisanduku kizuri. Ndani ya kisanduku, katika kitambaa cha hariri, kuna ndege mdogo wa kuimba, kanari, shingo yake imenyongwa.

Hawasemi neno. Nyayo za wanaume zinasikika mlangoni.

Zamani, kabla ya kuolewa, Minnie aliitwa Minnie Foster, akivaa gauni jeupe lenye utepe wa buluu, akiimba katika kwaya. Mama Hale anamkumbuka kwa jina hilo, hataki lile la Wright. Na Wright alikuwa mtu gani? Watu walimwita mtu mwema: hanywi pombe, neno lake ni neno, madeni analipa. Lakini alikuwa mgumu, mtu wa kukutia baridi kwa kupitisha salamu naye tu. Watoto hawakupata. Tulijiulizana, kama angekaa kwetu tungemwita mama nani? Kwetu jina la heshima linatoka kwa mtoto. Minnie alikuwa na ndege tu.

Mwandishi hasemi waziwazi nani alivunja tundu. Hana haja.

Mama Peters ndiye aliyetugusa zaidi kuliko Martha. Huyu ni bibi ya sherifu, na katika hadithi yote jina lake mwenyewe halitajwi hata mara moja. Tangu mwanzo anasema sheria ni sheria. Kisha, mbele ya ndege yule, anakumbuka utoto wake: kijana mmoja alimwulia paka wake mdogo kwa kishoka mbele ya macho yake, na kama watu hawakumshika angalimwumiza yule kijana. Anakumbuka pia kimya cha nyumba kule Dakota, mtoto wake wa kwanza alipokufa ana miaka miwili, na hapakuwa na mtu karibu. Anajua kimya ni kitu gani. Mwendesha mashtaka anamtania akisema hana haja ya kukagua anachobeba, maana bibi ya sherifu ameolewa na sheria. Muda mfupi baadaye huyu aliyeolewa na sheria anajaribu kukitia kisanduku katika mfuko wake wa mkono. Hakiingii. Mama Hale anakinyakua, anakitumbukiza katika mfuko wa koti lake.

Neno la mwisho ni la Mama Hale. Blanketi la namna ile linaweza kumaliziwa kwa mishono mingi ya mistari, ama kwa kufunga mafundo hapa na pale. Wanaume walikuwa wamewacheka waliposikia wanawake wakijadili jambo hilo. Sasa Bwana Henderson anauliza kwa mzaha, yule mama alitaka kumalizia namna gani? Martha, mkono juu ya mfuko, anamjibu kwamba alitaka kufunga fundo. Mlijua lugha yetu ingemfaa mwandishi huyu: fundo ni la uzi, ni la kamba, na ni lile linalokaa moyoni miaka.

Sasa tuseme jambo ambalo wengi hawajui. Hadithi hii ina mzizi katika kesi ya kweli. Mwezi wa 12 mwaka 1900, karibu na mji wa Indianola, Iowa, mkulima mmoja, John Hossack, alipigwa shoka kichwani usiku akiwa kitandani. Bibi yake, Margaret, alisema alikuwa amelala pembeni yake. Walimkamata siku ya mazishi. Susan Glaspell alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Des Moines, kijana wa miaka 24, akatumwa kuandika habari hiyo. Mwanzoni aliandika kama wengine, akimchora Margaret kuwa mwanamke baridi, mwenye nguvu, wa kuogopwa. Baadaye kalamu yake ililegea, ikaanza kumwonyesha kama mama aliyechoka. Yeye mwenyewe aliandika miaka mingi baadaye kwamba hakuweza kusahau siku alipoingia jikoni mwa mwanamke aliyefungwa mjini.

Katika kesi ile majirani walikuja kushuhudia kwamba Margaret aliwahi kuwalalamikia bwana yake, kwamba alimwogopa, nao wakajaribu kupatanisha nyumba. Mnadhani ushuhuda huo ulimsaidia? Uligeuka kamba yake. Mwendesha mashtaka aliushika kuwa sababu ya kuua: tazameni, alikuwa na fundo. Kwa hiyo hata watetezi wake walilazimika kusema nyumba ilikuwa imepatana, amani ilikuwako. Mwanamke akinyamaza, hakuna anayejua alichoteswa. Akisema, alichoteswa kinamfunga. Walioamua walikuwa watu 12 wa kawaida, maana kule zuzi anaongoza kesi, lakini raia 12 ndio wanaosema ana hatia ama hana. Wote 12 walikuwa wanaume. Wanawake walijaa ukumbini kusikiliza, bibi ya sherifu alikaa karibu na mshtakiwa na akaonekana akifuta machozi, lakini hakuna mwanamke aliyekuwa na kiti kati ya wale 12. Hata kura ya taifa, wanawake wa Marekani waliingojea mpaka 1920.

Margaret Hossack alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1901. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo ilifuta hukumu hiyo. Mwaka 1903 kesi ilianza upya, wale 12 wakashindwa kupatana, akarudi nyumbani. Nani alishika shoka, haikujulikana mpaka leo.

Glaspell aliliacha gazeti mara baada ya kesi ya kwanza. Miaka 15 ilipita ndipo akaandika mchezo wake, na ndani yake akawapa wanawake wawili kile kiti ambacho hawakupewa Indianola, jikoni, bila ruhusa ya mtu.

Je, walifanya haki? Hapo ndipo ubishi wetu ulipowaka.

Mama mmoja wa makamo, ambaye bwana yake ni polisi, alisema wazi kwamba Mama Peters alikosea. John Wright naye alizaliwa na mama. Mtu mgumu hastahili kufa kwa kamba usingizini, na kama kila mmoja anaficha kisanduku kwa ajili ya anayempenda, kesho wanaume watamfichia mwenzao aliyemwua bibi yake. "Na wanaficha," akasema, "tunajua wanaficha." Hatukuweza kumjibu haraka. Maneno yake yana uzito, na hatutaki kuyafunika hapa kwa sababu tu hadithi ni tamu.

Mwingine, mjane, alijibu kwamba ndege yule asingesomwa tribinalini kama alivyosomwa jikoni. Wale 12 wangeona ndege wa bei ndogo, na mwanamke mwenye wazimu anayeua mtu kwa ajili ya ndege. Wasingeona miaka 20 ya kimya. Ushuhuda unataka mtu anayejua kuusoma.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunaelekea upande wa mjane, lakini si mpaka mwisho. Tunaona Mama Hale na Mama Peters walikataa kuwapa ndege watu waliocheka chupa za matunda, na kukataa huko tunakuelewa. Lakini kisanduku kilipoingia mfukoni, wale wanaume walirudi mjini hawakujifunza kitu. Kijana Henderson ataingia jiko jingine kesho kutwa, atagusa kabati, atapangusa mkono wake, atapanda ghorofani. Haki ya namna hiyo inaokoa mmoja na kuacha tribinali kama ilivyokuwa. Glaspell mwenyewe, tunafikiri, alilijua jambo hilo, ndiyo maana yeye hakukificha kisanduku: alikileta jukwaani, mbele ya watu wote.

Kwetu Kongo hatuna wale raia 12, zuzi ndiye anayekata kesi. Lakini kumbukeni kwamba Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Mama zetu waliishi chini ya sharti hilo karibu miaka 30. Liliondolewa mwaka 2016, ingawa neno kwamba mume ndiye mkuu wa nyumba lilibaki katika maandishi. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuolewa. Kwa hiyo ule mzaha wa kuolewa na sheria hatukuucheka sana.

Kuna pahali katika hadithi tulipopitia haraka mara ya kwanza, tukarudi baadaye. Mama Hale hasemi tu juu ya Wright. Anajisema mwenyewe. Aliishi karibu na Minnie miaka 20, na alikuwa hajaingia nyumba ile zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu nyumba haikuwa na furaha. Anasema hilo nalo ni kosa la jinai, na anauliza nani atalihukumu.

Hapo kikao chetu kilinyamaza, na tunajua sababu. Nyuma ya soko tunalouzia kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa nasi katika likelemba. Akaanza kukosa siku ya nne. Tulisema ana deni. Halafu tulisema ana majivuno. Tulipita mbele ya mlango wake siku nyingi na mabeseni yetu kichwani, mbabula yake nje bila makala, tukaona na tukapita. Tulikuwa na macho ya Mama Hale, hatukuwa hata na kisingizio cha sherifu. Alipohama, hakuna kati yetu aliyejua alikwenda wapi wala kwa nini kitambaa cha dirisha kilikuwa kimechanwa katikati. Jina lake lingali katika daftari, na feza zake za mzunguko wa mwisho hazijachukuliwa. Mweka hazina amezifunga pembeni.

Siku ya nne ijayo tunaendelea na hadithi, kuanzia pale anapofumua uzi. Mama wa polisi na mjane wote wawili wamesema watakuja. Kuna majina mawili mengine katika daftari ambayo hayajaonekana tangu mwezi uliopita, na mama wanne watapita kwao siku ya posho, kabla ya soko. Anayejua nyumba ya yule wa pili, karibu na kisima cha zamani, amwambie mweka hazina.